Kiraka Kwenye Mpira wa Gesi

Spoki alikuwa hakai. Ukimkuta ameketi, basi anafunga kamba za viatu ili aondoke. Chakula alikula akiwa upande kwenye kiti, goti limeelekea mlangoni, na tonge la mwisho likiwa bado mdomoni mikono yake ilikwisha kuanza kutafuta kazi: bawaba inayolia, mguu wa meza unaocheza, redio iliyopoteza sauti. Jina hilo alipewa mtaani kwa ajili ya baiskeli alizotengeneza tangu ujana wake. Wenye midomo waliongeza kwamba lilimfaa zaidi kwa wembamba wake, na kwa kuzunguka kutwa bila kufika popote.

Nyumba yake ilikuwa kama mwili wa mtu aliyepasuliwa mara nyingi na daktari yule yule. Kamba ya kuanikia nguo ilikuwa waya za breki zilizoungwa. Mlango wa uani ulijifunga wenyewe kwa springi ya kiti cha baiskeli, na ulijifunga kwa hasira. Bomba la jikoni lilifunguliwa kwa pedali. Mkewe, ambaye majirani walimwita Mama Mikate kwa mikate na keki ndogo alizooka nyumbani na kupeleka maofisini, alikuwa amezoea. Wageni wakishangaa aliwaambia, "Msiogope, ni nyumba tu. Ila msikae sana, atawatia breki."

Mwaka huo binti yao, kitinda mimba, aliyeolewa mji mwingine, alijifungua mtoto wa kiume kabla ya siku zake, wakabakizwa hospitali wiki kadhaa. Huyo ndiye mjukuu wao wa kwanza. Walikubaliana kwamba akitoka hospitali aje apumzike kwa wazazi wake, lakini kukubaliana kwenyewe kulikuwa vita. Mama mkwe wake naye alimtaka, na yeye ana nyumba yenye nafasi na mashine ya kufulia. Spoki alibishana kwa simu huku akizunguka uani mpaka chaji ikamwishia.

"Mjukuu ataanzia kwangu," alisema. "Mashine ya kufulia haimbembelezi mtoto."

Akashinda. Chumba walichomwandalia kilipakana na jiko, maana ndicho chenye jua la asubuhi. Spoki akaziba nyufa, akapaka rangi, akapaka tena mahali ambapo rangi ya kwanza haikuwa na kosa lolote. Alikuwa akiingia mle bila sababu, anasimama katikati, anatoka. Mtu aliyelea watoto wake mwenyewe mbio mbio, mmoja begani na tairi mkononi, alikuwa ameahidiwa mtoto wa kumtazama tu, na hakujua afanye nini na miguu yake mpaka siku hiyo ifike.

Siku hizo hizo oveni ikaanza visa.

Lilikuwa jiko la gesi la zamani, mioto minne juu na oveni chini, limeunganishwa na mtungi kwa mpira uliopita nyuma yake. Ukibonyeza swichi ya oveni na kuwasha, moto ulikuja vizuri. Ukiachia swichi, ulizimika. Mama Mikate akawa anasimama ameikandamiza kwa kidole gumba, mwili umepinda, mkono mwingine unakanda unga wa mkate unaofuata.

"Nimeolewa mara ya pili," alisema. "Na huyu nikimwachia kidogo tu ananuna."

"Ngoja niiangalie."

"Kuna fundi wa gesi pale njia panda, baba."

"Fundi wa gesi ana mikono mingapi?"

Mkewe alirudi kwenye unga wake. Alikwisha jifunza kwamba swali hilo halina jibu.

Spoki alifunga mtungi, akafungua madirisha, akaivuta oveni kutoka ukutani. Akalala kifudifudi na tochi. Ndani, kando ya bomba lenye matundu ambamo moto hutokea, aliona kijiti chembamba cha shaba, na kwa kidole akakifuata mpaka nyuma ya swichi. Kisha akaelewa. Kijiti kile hukaa ndani ya moto; kikipata joto, gesi huruhusiwa kuendelea kupita hata ukiachia swichi; kikikosa joto, gesi hufungwa, ili moto ukizimika wenyewe gesi isiendelee kumwagika nyumbani. Kumbe chenyewe kilikuwa kimevaa masizi kama kofia, na tena kimepinda, pengine kwa kugongwa na trei, mpaka moto ukawa haukifikii.

Alikisugua kwa msasa laini mpaka kikang'aa, akakirudisha polepole mahali pake, akazibua matundu ya bomba kwa spoki ya gurudumu aliyoinoa ncha. Akawasha, akabonyeza, akahesabu kwa pumzi, akaachia. Moto ukabaki, wa buluu, umetulia mstari mzima.

"Haya," alisema, "mpe talaka."

Mama Mikate alicheka mpaka akaketi.

Lakini kulikuwa na jambo jingine ambalo halikutajwa. Alipokuwa akiivuta oveni, ukingo wa bati la nyuma ulikuwa umeukwaruza mpira wa gesi, na alipokuwa akiirudisha alikiona kidonda: mdomo mdogo, urefu wa punje ya mchele. Mtu mwingine angenunua mpira mpya. Spoki alikuwa ameishi maisha yake yote akitazama mipira yenye matundu, na kwake mpira ni mpira. Alikwaruza kwa msasa, akapaka gundi ya pancha, akaiacha ikauke mpaka isishike kidole, akabandika kiraka, akakikandamiza kwa gumba. Juu yake akazungushia ukanda wa tyubu kuukuu, ameuvuta kwa nguvu zake zote. Ilikuwa kazi safi. Hakumwambia mkewe, wala hakuona kwamba amemficha kitu, kama vile mtu asivyotangaza kwamba amejikuna.

Siku chache baadaye Mama Mikate alisimama mlangoni mwa jiko, kichwa ameinua.

"Baba, kuna harufu."

"Harufu gani?"

"Ya gesi."

Spoki alipiga magoti nyuma ya jiko, akavuta pumzi kwa kishindo, mara moja, mara ya pili.

"Hakuna kitu."

"Ipo."

"Mama, nimenusa mimi mwenyewe hapa hapa. Hiyo ni hofu ya bibi mpya. Huwapata wote."

Mkewe alifungua dirisha. Tangu siku ile kila akimaliza kuoka alifunga mtungi, na kila asubuhi alifungua milango yote miwili hata upepo uwe wa baridi. Spoki alikuwa akimwona, na kila dirisha lililofunguliwa lilimchoma kama neno. Alijua kwamba jiko lile amelitengeneza. Alijua kwamba moto unabaki. Basi kwa nini mwanamke huyu anazunguka nyumbani anafungua madirisha kama nyumba imeoza?

"Ipo, baba. Leo imezidi."

"Pua yako ndiyo imezidi."

"Pua yangu ndiyo inayokulisha. Mkate ukitaka kuungua hainiambii saa, inaniambia pua."

"Basi iambie ipumzike."

Hakupumzika yeye wala pua yake. Mchana mmoja Spoki aliporudi kula alimkuta amekaa kitandani katika kile chumba kilichopakwa rangi, simu mapajani.

"Nimempigia," alisema. "Nimemwambia aende kwa mama mkwe wake."

Spoki alidhani hakusikia vizuri.

"Umemwambia nini?"

"Gesi hii inakaa chini, baba. Inatambaa sakafuni kama maji. Mtoto atalala hapa, na jiko liko nyuma ya ukuta huu. Mimi siwezi kumlaza mtoto wa watu katika harufu ambayo nikisema ipo naambiwa haipo."

"Mtoto wa watu! Mjukuu wangu ndiye mtoto wa watu?"

"Ukiitengeneza, nitampigia tena."

"Nimeitengeneza!"

Mama Mikate alimtazama kwa muda mrefu, bila ukali, na hilo ndilo lililomtoa nje bila kula.

Kibanda chake kilikuwa ubavuni mwa duka la magodoro. Mwenye duka, mtu mnene aliyeuza bidhaa yake akiwa ameilalia, alijuana naye tangu wote wawili wakiwa na nywele. Spoki alifika, akachukua gurudumu, akaliweka, akachukua jingine, akalizungusha bila kulitazama. Alifungua kopo la gundi ili abandike kiraka, na kabla hajachovya kijiti akasita. Akalileta kopo karibu na uso. Akavuta pumzi. Akalisogeza mpaka ukingo wa bati ukamgusa pua, akavuta tena.

"We Spoki!" Muuza magodoro aliinuka kwa kiwiko. "Umeanza uhuni uzeeni? Unanusa gundi mchana kweupe!"

"Hii gundi ina harufu?"

"Ina harufu? Miaka yote hii nauza magodoro yanayonuka gundi yako, wateja wananiuliza kama nayapika. Unaniuliza kama ina harufu?"

Spoki alilifunga kopo polepole. Alijua. Afadhali tuseme alikuwa anajua kwa namna ambayo mtu anajua kwamba ngazi ya nyumbani kwake ina kipandio kibovu: anakiruka tu, wala hakifikirii. Hakukumbuka ilianza lini. Pengine ni gundi, siku baada ya siku, uso umeinamia tyubu. Pengine ni mafua yale mabaya yaliyomlaza muda mrefu. Harufu zilikuwa zimeondoka mojamoja kama wageni wenye adabu, bila kuaga kwa sauti, na yeye akawa anajaza nafasi zao kwa kukumbuka. Alipoona mvua inaanza kupiga vumbi alikuwa anajiambia, inanukia. Alipoona mkate umetoka, vivyo hivyo. Hata nyuma ya jiko, amepiga magoti, alikuwa amenusa kwa nguvu ile ile ya mtu anayebonyeza kengele iliyokatika waya, kisha akasema hakuna mtu nyumbani.

"Naenda," alisema.

"Ndiyo kwanza umefika!"

"Naenda."

Nyumbani hapakuwa na mtu; Mama Mikate alikuwa amepeleka keki za mchana. Spoki alifungua madirisha yote, akazima kila kitu, akaivuta oveni mbele. Akachukua beseni, maji kidogo na sabuni ya unga, akakoroga mpaka povu likasimama. Hii ilikuwa lugha yake. Tyubu unaizamisha majini nayo inakuonyesha yenyewe inapovuja. Mpira wa gesi hauzami, lakini unaweza kuupaka. Akaupaka povu kuanzia kwenye mtungi, akafungua gesi kidogo, akasubiri, na kusubiri kulimwuma mwilini kama kuwashwa.

Kwenye mtungi povu lilitulia. Katikati likatulia. Pale kwenye kiraka, chini ya ukanda alioukaza kwa nguvu zake zote, lilianza kuvimba. Likatoa jicho moja. Likapasuka. Likatoa jingine, kubwa zaidi, lenye rangi za mafuta, likakua bila haraka mbele ya macho yake, na nyuma yake likaja jingine.

Alifunga mtungi. Akafungua ukanda, na tyubu ikamnata vidoleni kama peremende iliyonyonywa. Gesi ilikuwa imeilainisha na kuivimbisha, na kiraka kilikuwa kimeinuka pembeni kama ukucha. Kazi safi. Aliishika mkononi akaitazama. Siku zote zile ilikuwa ikipumua nyuma ya ukuta wa chumba alichokipaka rangi mara mbili.

Wazo lilimjia haraka, kama yamjiavyo mambo yote: dukani kuna mpira mpya, atakimbia sasa hivi, ataufunga, ataisukuma oveni ukutani, na mkewe akirudi atamwambia, njoo unuse mwenyewe, si nilikwambia? Angeshinda. Alikwisha simama. Alikwisha fika mlangoni. Lakini alijua pia kwamba kesho kitu kingine kitavuja, na atapiga magoti, na atasema hakuna kitu, na safari hiyo mkewe atakuwa amejifunza kutomwambia.

Mama Mikate alimkuta ameketi sakafuni. Ameketi kweli, miguu ameinyoosha, kati ya oveni na beseni la povu. Akadhani ameumia.

"Nini? Umeungua?"

"Inavuja," Spoki alisema, akamwonyesha kiraka. "Niliukwaruza mpira siku ile. Nikauziba. Unavuja hapa."

Mkewe alifungua mdomo, na alikuwa na haki ya yote ambayo yangetoka. Spoki akamtangulia.

"Mama, mimi sisikii harufu."

"Sasa umeifunga, utaisikiaje?"

"Sisikii harufu yoyote. Ya gesi, ya gundi, ya chochote."

"Tangu lini?"

"Zamani."

Mama Mikate aliweka kapu lake chini. Alikaa kwenye ukingo wa kiti na kwa muda alionekana kama mtu anayepekua kabati lililojaa.

"Yale maziwa yaliyoharibika uliyoyanywa yote," alisema.

"Ndiyo."

"Ule moto wa pazia, wewe umekaa chumba hicho hicho."

"Ndiyo."

"Na mkate." Sauti yake ilibadilika. "Ulikuwa unarudi, unasimama pale mlangoni, unasema, nimeusikia tangu kwenye kona. Kila siku. Halafu ukaacha. Nikabadilisha unga. Nikabadilisha hamira. Nikanunua mafuta ya nywele ya waridi, ghali, nikayapaka kutwa nzima nikipita mbele yako." Alicheka kidogo, vibaya. "Nikasema basi, mume amechoka na mimi, na watu huchokana, maisha yaendelee. Miaka yote hii, wewe mwanamume! Ulishindwa kusema, mama, pua yangu imekufa?"

"Fundi asiyesikia gundi ikiungua, nani atampa baiskeli yake?"

"Mimi nina baiskeli?"

Spoki alitaka kuinuka. Mikono yake ilikuwa inatafuta kitu sakafuni. Mama Mikate akauweka mguu wake juu ya bisibisi, naye akalazimika kubaki.

"Nenda kanunue mpira," alisema hatimaye. "Mpira wa gesi, si wa kitu kingine. Na klipu zake."

Alikwenda akarudi. Mpira mpya aliukata kwa kisu kikali ili mdomo wake uwe sawa, akauingiza mpaka mwisho, akakaza klipu pande zote mbili, akaupitisha mbali na ukingo wa bati. Akapaka povu, akafungua gesi. Povu lilikaa kimya kila mahali alipopaka. Hapo kwa kawaida angesimama na kupiga makofi. Badala yake alimwangalia mkewe.

"Njoo."

Mama Mikate alitoka kwanza uani, akavuta hewa, akarudi. Akainama nyuma ya jiko, akafumba macho.

"Bado," alisema.

"Povu halionyeshi kitu! Tazama mwenyewe!"

"Bado, baba. Kidogo. Upande huu wa chini."

Maneno yalikuwa yamemjaa mdomoni. Aliyameza, na ukiyatazama maisha yake yote, sidhani kama alipata kufanya kazi ngumu kuliko hiyo. Akalala tena kifudifudi, akapeleka tochi pale kidole cha mkewe kilipoelekea, nyuma kabisa, ambapo nati inaunganisha bomba la oveni na ncha ya chuma inayovalishwa mpira. Hakuwa amepapaka povu, kwa sababu mkono wake haukuwa umepagusa na hakuona sababu. Akapaka. Viputo vidogo vidogo vikachemka kuzunguka nati. Alifunga gesi, akaifungua nati, akakuta washa ya ndani, ile pete ya mpira, imekauka na kupasuka. Akaenda tena dukani. Hakutengeneza washa kwa kipande cha tyubu, ingawa mkono ulimwasha kufanya hivyo.

Safari hii Mama Mikate alikaa nyuma ya jiko muda mrefu. Spoki alizunguka meza. Alitoka, akaingia, akagusa bomba, akaliacha.

"Unanimalizia hewa," mkewe alisema. "Simama."

Akasimama.

"Hakuna," alisema Mama Mikate. "Hakuna kitu. Safi."

Alipiga simu jioni ile, kama alivyoahidi. Lakini binti alikwisha fika kwa mama mkwe wake, mtoto alikwisha lazwa, na kumhamisha upesi hivyo kungekuwa matusi kwa mwenye nyumba. Angekuja baadaye, mtoto akikaza shingo. Spoki alisikiliza mazungumzo hayo akiwa amesimama mlangoni mwa chumba. Hakubisha. Aliomba simu, akamwambia binti, "Mama yako alikuwa na haki. Niambie tu mtoto analala vipi," kisha akasikiliza bila kutembea hata hatua moja.

Walikuja mwanzo wa kipupwe. Binti aliingia na mtoto amefungwa blanketi, akampitisha kwa mama yake kwanza, halafu kwa baba. Spoki alimpokea kama mtu aliyepewa kioo. Akaketi bila kuambiwa. Mtoto alikuwa na kichwa chenye joto na nywele chache zilizolala upande mmoja. Kila mtu alikuwa amemwambia, watoto wachanga, uso ukiuweka pale utosini! Aliinamisha uso wake. Akavuta pumzi taratibu, si kwa kishindo. Hapakuwa na kitu, ila joto.

Mkewe alimwona. Akaja akachutama karibu naye, akaweka pua yake pale pale Spoki alipoiondoa ya kwake.

"Ananukiaje?" Spoki aliuliza kwa sauti ya chini.

"Subiri." Alivuta tena. "Maziwa. Lakini si ya kikombe. Maziwa yaliyomwagika kwenye pamba, yakakauka juani."

"Na nyuma ya sikio?"

"Baba, usinikimbize." Alimgeuza mtoto kidogo, akainama. "Nyuma ya sikio ni kitu kingine kabisa."